Jumapili Mama Alipopandishwa Tramu

Juzi niliingia kwenye duka la vitu kuukuu pale Lewisham, nyuma ya soko, natafuta meza. Meza tu, ya kuwekea kompyuta ya mtoto. Mwenye duka alikuwa amepanga mabenchi ya mbao dirishani, sijui yametoka kanisa gani, jua limeyapiga tangu asubuhi na ile vanishi ya zamani imeanza kutoa harufu. Meza sikununua. Nilitoka nikasimama kituoni, basi langu likaja likaondoka, la pili nalo likaja likaondoka. Mtu mzima mie, mama wa watoto, nimesimama njiani sijui mikono niiweke wapi. Harufu ile naijua. Ni ya tramu.

Sisemi hizi tramu za Croydon tunazopanda kila siku, zinazonuka makoti yaliyorowa na chipsi. Nasema tramu ya zamani hasa, ya ghorofa, juu wazi bila paa. Wastaafu wa mji mmoja wa pwani, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka London, waliikuta bustanini kwa mtu imefanywa banda la kuku. Wakaikokota, wakaikwangua, wakaipaka rangi na vanishi, wakaitengenezea mota, kisha wakaanza kuipitisha kando ya bahari, kutoka gatini mpaka kwenye bwawa la kuogelea na kurudi. Basi. Hiyo ndiyo safari yake yote, na mie kwa siku moja nimeipanda mara nyingi kuliko watu wengine walivyoipanda maisha yao yote.

Nyinyi wenzangu mliokulia huku mnakumbuka Jumapili zilivyokuwa kabla simu hazijaingia mifukoni. Mama yangu alikuwa akifanya kazi ya kulea wazee wa Kizungu, shifti ya usiku. Jumapili asubuhi alikuwa akirudi na kadi yake ya simu aliyoinunua dukani kwa Muhindi, hata viatu havui, anakaa kwenye mkono wa kochi na kupiga Wete, Pemba, kwa mama yake. Sisi tulikuwa tukisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Hujambo mama, umelalaje mama, dawa umekunywa mama. Wiki ile ninayoisema Bibi alikuwa na homa, sauti imemshuka, na Mama alikata simu akasema Jumapili ijayo akimkuta hivyo hivyo atakwenda kumwona, liwalo na liwe.

Mie Bibi nilimwogopa. Sikuwahi kumwona, lakini kila nilipofanya ukorofi, na nilikuwa mkorofi kweli, Mama alikuwa na neno moja: "Ntakupeleka kwa bibi yako." Kwa Bibi kulikuwa na kuchota maji, kuamka alfajiri, chuoni kusoma Kurani asubuhi na jioni, na kujibu Kiswahili ukisemeshwa Kiswahili. Mie nilikuwa nakisikia chote ila najibu Kiingereza, na Mama alikuwa akichukia hivyo kuliko kitu chochote. Tena halikuwa tishio la maneno matupu. Binamu yangu Khamis, wa Wembley, alikuwa ameambiwa anapelekwa uwanjani kuona ndege. Kumbe ndege yenyewe anaipanda! Mjomba Seif, kaka yake Mama aliyekuwa akiishi Denmark, ndiye aliyekuja kumchukua akampeleka hadi Unguja. Khamis alirudi kijana mwenye masharubu. Sisi watoto tulikuwa tukisikia tu kwamba Mjomba Seif anakuja London, kila mtu anajikagua.

Sasa basi. Jumapili yenyewe simu ililia bado kiza. Nilimsikia Baba akishuka, akapokea. Kisha akaanza kupiga yeye, mtu huyu na mtu yule, kwa sauti ya chini. Nilipoamka nikakuta sanduku kubwa la safari limeteremshwa kutoka juu ya kabati na limesimama mlangoni kwangu. Chini, waume wawili wa msikitini wanalitoa kochi letu kupitia mlango wa nyuma. Wakina mama wameshaingia na masufuria yao, yale makubwa ya shughuli. Mmoja akanivuta akanipakata, akanipapasa kichwa. Mie, ambaye wiki iliyopita alinifukuza kwenye varanda yake kwa kumvunjia chungu cha maua!

Baba akachuchumaa mbele yangu. Baba hakuwa mtu wa kuchuchumaa. Akaniambia tunakwenda pwani, tutampitia Mama kazini kwake moja kwa moja, na haya niliyoyaona nyumbani nisimwambie Mama hata moja. "Mjomba wako Seif anakuja jioni," akasema. "Yeye ndiye atakayezungumza."

Sanduku, Mjomba Seif, na pwani kwa ghafla tu, Baba ambaye hajawahi kutupeleka hata bustani ya jirani. Mtoto wa miaka minane hahitaji kuambiwa mara mbili. Khamis alionyeshwa ndege, mie naonyeshwa bahari.

Mama alitoka kazini macho mekundu kwa usingizi, mkoba begani, akashangaa kutuona. Nyuma ya gari alikaa Mama Mkubwa Zuhura, binti wa mama yake mkubwa, ambaye ndiye aliyemlea Mama hapa London alipofika hajui mbele wala nyuma. Ana kikapu mapajani. Mama akauliza kuna nini. Baba akasema hamna kitu, jua limetoka, watu wa London jua likitoka wanakwenda pwani. Mama akacheka, akasema huyu mwanamume ama ameigonga gari ya mtu ama anataka kuoa. Mama Mkubwa naye akacheka, ila alicheka akitazama nje.

Njia nzima Mama Mkubwa alikuwa akilisha watu. Chapati na mayai, vitumbua, chai ya maziwa ya chupa. Kula, Salama. Ongeza, Salama, usiku kucha hujatia kitu tumboni. Mama akikataa, anamegewa na kutiliwa mdomoni kama mwali. Mie pia nilishindiliwa mpaka nikashindwa kupumua, na kila kitumbua nilichopewa nilikiona cha kuagana. Siku hizi najua. Kwetu mtu hapewi habari ya msiba na tumbo tupu, kwa sababu akishaipata hatokula tena siku mbili tatu. Na haipewi kwa simu, wala haipewi na mtu mmoja. Watu wanakuja, wanakaa, anaanza kuzungumza aliye karibu kwa damu. Nyumba inakuwa imeshatolewa viti ili wanawake wapate kukaa chini. Ndiyo heshima yake. Baba na Mama Mkubwa hawakuwa wakidanganya kwa kupenda kudanganya. Walikuwa wakimngoja Mjomba Seif atue.

Tatizo lilikuwa simu. Tulipofika tu Mama akakiona kibanda cha simu, chekundu, kando ya gati, akaanza kutafuta kadi mkobani. Baba akageuka huku na huku kama mtu aliyepotelewa na funguo. Na hapo kengele ikalia, ikaja tramu.

"Haraka, haraka, itatuacha," akasema, akamshika Mama mkono. Mama akamwambia si atapiga mara moja tu, mama yake anangoja. Baba akasema tutapiga tukishuka, mtoto anataka kupanda. Mtoto hakutaka lolote. Mtoto alitaka kurudi nyumbani akajifungie chooni. Lakini tulipanda.

Kusema kweli ilikuwa nzuri, na nilichukia kwamba ni nzuri. Viti vya mbao vinang'aa, vishikio vya shaba, madirisha yana vioo vya rangi kule juu. Ikiondoka ilitetemeka ikakuingia mpaka kwenye meno. Harufu ya vanishi iliyopata jua, grisi, na kitu kingine kama nyaya zilizoungua kidogo. Kondakta alikuwa mzee mwenye kofia na mkoba wa ngozi, pua nyekundu, anazungumza na kila mtu. Upande mmoja watu wamejilaza juu ya kokoto, bahari ya kijivu. Upande wa pili hoteli na watu wakila samaki kwenye karatasi. Mie sikutulia. Nilikaa dirishani, nikahamia nyuma, nikapanda juu, nikashuka. Kila kituo nilitazama nje nimwone Mjomba Seif amesimama na tiketi yangu ya ndege.

Pale bwawani tramu ikafika mwisho. Kondakta akashuka, akashika kamba, akaivuta ile fimbo ndefu ya juu inayogusa waya, akaizungusha mpaka upande wa pili. Dereva akachomoa mpini wake wa shaba wa kuendeshea akapita nao katikati yetu kwenda kuuchomeka upande ule. Kisha kondakta akapita kwenye viti akisukuma maegemeo, ka, ka, ka, mpaka vyote vikatazama tulikotoka. Kumbe haina mbele wala nyuma. Niliona vibaya sana. Nikafikiri, na mie ndivyo nitakavyogeuzwa.

Mama akasimama. Pale bwawani napo kuna kibanda cha simu. Baba akamwambia Mama aisee ukishuka tiketi inakufa, uongo mtupu, tiketi ilikuwa ya kutwa. Tukarudi gatini. Gatini Mama Mkubwa akapata kizunguzungu, anataka kukaa kidogo tu hapa hapa. Tukaenda tena bwawani. Bwawani Baba akasema mtoto hajashiba tramu. Tukarudi. Kondakta alishatuzoea, akamuuliza Baba kama tunafikiria kuhamia. Ndani ya gari lile hamkuwa na simu, hiyo ndiyo maana yake yote. Baba wa watu alikuwa akimzungusha mkewe baharini asubuhi kutwa kwa kukimbia vibanda viwili.

Mama hakuwa mjinga. Alinuna, akalalamika, halafu uchovu ukamshinda, akaamua bwana na iwe. Tulipanda juu kusiko na paa. Baba alikuwa amenunua aiskrimu. Upepo ukampeperusha Mama mtandio, akaushika kwa meno huku aiskrimu inamchuruzika mkononi, akacheka. Alicheka kile kicheko chake cha kweli, cha kuinama, mpaka Wazungu wa kiti cha mbele wakageuka nao wakicheka. Nilikuwa nimesahau kwamba Mama anajua kucheka hivyo.

Na hapo hapo Baba akatazama saa yake. Ilikuwa saa nane. Akamtazama Mama Mkubwa. Wote wawili wakafungua viganja mapajani, wakachezesha midomo kimya kimya, wakajipangusa uso. Mama akauliza mnaomba nini nyinyi. Mama Mkubwa akasema dua tu, ya safari.

Ya safari! Sikuweza tena. Nilimrukia Mama shingoni, aiskrimu ikamwagikia gauni, nikaanza kulia na kusema, na nikasema kwa Kiswahili, sentensi nzima, mie ambaye nilikuwa natoa neno moja moja kwa kulazimishwa.

"Mama, sitaki kwenda kwa Bibi. Nitakuwa mzuri. Usinipeleke kwa Bibi."

Mama akacheka tena, akanifuta pua. Akauliza nani amesema unapelekwa kwa Bibi. Baba akaniita jina langu, kwa ukali, na ule ukali wake ndio ulionifungulia mdomo. Nikasema yote. Sanduku limeteremshwa. Mjomba Seif anakuja leo. Wakina mama wamejaa nyumbani na masufuria makubwa. Na kochi limetolewa nje, na meza, chumba kitupu.

Nilidhani namwambia habari zangu.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Aiskrimu ikawa inashuka kwenye mkono wake, haifuti. Kisha akauliza kitu kimoja, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Kochi limetolewa?"

Nikatikisa kichwa kuwa ndiyo. Akageuka akamtazama Mama Mkubwa, na Mama Mkubwa akainamisha uso kwenye kikapu.

"Mama?" akauliza Mama. Sikuelewa anamuuliza nani.

Baba akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Salama, alfajiri."

Tramu ikawa inakwenda. Sijui kwa nini nilifikiri itasimama. Dereva akapiga kengele kumfukuza mbwa relini, watoto wa kiti cha nyuma wakaiiga kwa mdomo. Mama hakupiga kelele. Alijishika tumbo kwa mikono miwili, akainama, akawa anakwenda mbele na nyuma, na Mama Mkubwa amemkumbatia huku, Baba amemkumbatia kule, na mie nimebanwa katikati na bado nasubiri mtu aniambie kama nakwenda Pemba au siendi. Tulifika bwawani. Watu wakashuka. Kondakta akaja juu kugeuza viti, ka, ka, akafika kwetu, akatuona. Akavua kofia. Akaacha kiti chetu kama kilivyo akageuza vingine, kwa hiyo tulirudi gatini tukitazamana na abiria wote.

Katikati ya njia Mama akanyanyua uso, akamuuliza Baba wamezika saa ngapi. Baba akamwambia apumzike kwanza. Akauliza tena.

"Baada ya alasiri," Baba akasema.

Mama akaishika saa ya Baba, akaigeuza aione. Alihesabu. Mie sikujua kuhesabu saa za huku na za kule, lakini yeye alikuwa akizihesabu kila Jumapili: saa nane ya huku ni saa kumi ya kule, alasiri.

"Nilikuwa nacheka," akasema. "Wanamteremsha mama yangu, mie nacheka, nala aiskrimu. Na nyinyi mnanitazama."

Baba alianza kueleza. Usingewahi kuzika, hata ungejua. Hukulala. Hukula. Tulitaka akuambie ndugu yako, ukiwa nyumbani, umekaa na watu. Yote yalikuwa kweli. Tramu iliposimama gatini alishuka wa kwanza akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha simu. Hakuna aliyemzuia tena. Alinivuta mkono nikaingia naye, mlango mzito ukajifunga, ndani kunanuka sigara na mkojo. Akapiga zile tarakimu za kadi, ndefu, bila kuzitazama.

Alipokea mtu, akaanza kulia huko huko. Mama akamwambia asimwambie kitu. Hataki kujua alikufaje. Amwekee simu juu ya meza tu, aiache wazi, asikie nyumba. Akakaa hivyo, simu sikioni, paji la uso kwenye kioo. Baada ya muda akanishushia mie sikioni. Nikasikia wanawake wengi wakisoma pamoja, mbali, na mtu akimwambia mtu aongeze maji kwenye wali, na kuku, na mtoto anacheka. Ilikuwa nyumba niliyoikimbia tangu asubuhi, na haikunitisha kitu. Nilitaka kuendelea kusikiliza, lakini kadi ikaisha.

Tulipotoka Baba alikuwa amesimama na koti la Mama mkononi. Mama akalichukua. Kisha akasema, bila kulia, na akanisukuma mbele yake Baba anione vizuri: "Mie nikifa, huyu asifichwe. Asipelekwe popote, asilishwe, asingojewe mtu. Mpigie simu hapo hapo, umwambie. Niahidi."

Baba akaahidi. Mjomba Seif alikuta tumeshafika nyumbani na Mama amekaa chini na watu, hana la kumwambia. Sanduku lilikuwa la Mama, na alisafiri nalo keshokutwa yake. Mie nilibaki na Mama Mkubwa, na nilikuwa nikijibu Kiswahili, sijui kwa nini, hakuna aliyenilazimisha.

Baba ni mtu wa ahadi. Mama alipofariki, asubuhi ya siku ya kazi, mie nilikuwa kwenye treni, nimesimama, imejaa. Simu ikalia mfukoni. "Mwanangu, mama yako ametutoka. Sasa hivi, hata dakika kumi hazijapita. Alisema nisikufiche." Akakata. Nilijua wakati ule ule, kama Mama alivyotaka nijue, na sikuwa na mtu wa kunishika huku wala kule. Nilimkasirikia Baba kwa kuniambia kama Mama alivyomkasirikia kwa kutomwambia, na mpaka leo sijui angefanyaje mzee wa watu. Mwanamke mmoja wa Kizungu akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa, nikashuka kituo kisichokuwa changu.